Goma: hasira ya vita inamalizikia kwenye bidoni ya maji

Jumanne iliyopita, saa kumi na moja ya asubuhi, kwenye robine moja ya kaskazini mwa mji wa Goma, bidoni ya lita 20 ilipasuka. Haikupasuka juu ya uzee. Wamama wawili waliivutana, kila mmoja akisema yeye ndiye aliyefika mbele, ikawaponyoka na kuanguka juu ya jiwe la volkano. Maji yote yakaenda chini. Mwenye bidoni alirudi nyumbani mikono mitupu. Yule mwingine naye hakupata kitu, kwani robine ilikauka mbele zamu yake ifike.

Bidoni ingekuwa jambo dogo kama si maneno yaliyosemwa juu yake. «Murudie kwenu Sake, munatumalizia maji!» Na jibu likatoka palepale: «Unafikiri mie nilikuja hapa kutembea?» Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu mama wa Sake alikuwa ameokota jiwe. Vijana wawili wa motari waliokuwa wakipita walisimamisha moto zao, wakamshika mkono. Jiwe likabaki chini, lakini habari ikafika kwa kiongozi wa avenui mbele jua halijapanda.

Ugomvi wa namna hii unatokea kila siku katika kartie za Goma, na karibu kila mtu anauelezea kwa neno moja: roho mbaya. Fulani ana roho mbaya. Wakimbizi wana roho mbaya. Wenyeji wana roho mbaya. Maelezo hayo ni mepesi sana, tena yanapotosha. Watu hawa wawili hawakuwa na deni kati yao, hawakuwa hata wanajuana majina. Hasira waliyoileta kwenye robine ilianza mbali na pale, kwa watu ambao hakuna mmoja wao anayeweza kuwafikia.

Anayechoma nyumba huko Masisi hapangi mstari wa maji Goma. Aliyechukua ng'ombe hakai kwenye parsele moja na mwenye ng'ombe. Mabanki ya Goma yalifungwa mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na mwalimu aliyekuwa na akiba yake ndani hana mlango wa kugonga ili aulize makuta yake yatatoka lini. Umeme ukikatika, pompe zinazovuta maji ya ziwa Kivu zinasimama, na mama mwenye bidoni hajui nani aliyekata umeme wala kwa nini. Hasira lakini iko. Iko kifuani, iko mikononi, inatafuta pa kushuka. Mwenyewe akikosekana, inamshukia aliye karibu, hasa kama ni mnyonge: mgeni kwenye mstari, mke jikoni, mtoto aliyemwaga chumvi.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wengi hawapendi kuisikia. Mtu mwenye hasira anasema «sikujiweza, damu ilipanda». Lakini baba huyohuyo ambaye damu inampanda mbele ya mtoto wa miaka saba, damu yake haipandi mbele ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabara. Pale anaongea pole, anatoa falanga anazoulizwa, anasema asante mkubwa. Anajiweza kabisa. Kumbe hasira inajua kuchagua, na kila mara inachagua upande ambao hautajibu.

Haifai hata hivyo kumhukumu baba huyo bila kuangalia anavyoishi. Katika kijiji chake alikuwa na shamba la maharagi, pengine ng'ombe wawili watatu, na watu walimwita muzee. Sasa analala na watu tisa katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili ambayo si yake. Anaamka kabla ya wenyeji wake ili asiwasumbue, anatoka nje, anakaa juu ya jiwe. Mke wake ndiye anayetafuta: anabeba mizigo Birere, anafua nguo za watu, anauza ndizi za mia mia. Mke anarudi na kilo moja ya unga, na mtoto anasema mbele ya baba: «Mama ndiye anatulisha.» Mtoto hakusema uongo, na wala hakutaka kumtukana mtu. Usiku huo huyo mtoto anapigwa kwa sababu ya kandambili iliyopotea. Kandambili ilipotea tangu siku tatu, na baba alikuwa anajua.

Katika familia za namna hiyo hasira inashuka ngazi kwa ngazi. Baba anampiga mkubwa, mkubwa anampiga mdogo, mdogo anamrushia mbuzi wa jirani mawe, na jirani anakuja na fimbo. Jioni parsele nzima imewaka na hakuna anayekumbuka mwanzo. Sheria ya inchi ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inamlinda mtoto dhidi ya mapigo, na katiba ya 2006, katika kipengele cha 41, inawapa wazazi kazi ya kumlinda mtoto na kila jeuri, ndani ya nyumba na nje yake. Wazazi wengi hawajawahi kuisikia sheria hiyo. Wanaoisikia wanauliza: je, kuna sheria inayonilinda mimi? Swali ni la haki. Lakini haki ya baba haitafutwi juu ya mgongo wa mtoto.

Mwili nao una sehemu yake, na hapa ndipo watu wanaweza kujisaidia bila kungoja mtu. Mtu aliyekula mara moja kwa siku anakasirika upesi kuliko aliyeshiba. Asiyelala usiku kwa sababu ya risasi, au kwa sababu mvua inapita kwenye mabati, asubuhi ana kichwa kizito na masikio yanayosikia kila neno kama tusi. Hasira inapokuja, moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, mikono inapata joto, sauti inapanda. Mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia, na kwa watu waliokimbia mara tatu, mara nne, mwili umezoea kujitayarisha hata pasipo adui. Mlango ukigongwa kwa nguvu, mtu tayari amesimama. Anayeijua hali hiyo ndani yake anaweza kusema kwa mke wake: «Leo sikulala, usiniulize habari ya kodi mpaka kesho.» Maneno hayo ni machache, na yameokoa sahani nyingi.

Ila kuna shauri moja linalotolewa kila mahali, kanisani, msikitini, kwenye mikutano ya uhamasishaji, nalo limechosha watu: vumilia. Vumilia mama, vumilia papa, Mungu yupo. Mara nyingine mtu wa shirika anakuja na kizibao chake, anakusanya watu chini ya mti, anawafundisha kupumua pole pole mara tatu, na wakati huo wale walioachwa nje ya mkutano wanachukua nafasi zao kwenye robine. Kupumua pole pole si uongo, kunasaidia kweli, moyo unarudi mahali pake. Lakini kumwambia mtu apumue bila kuuliza kinachomkaba ni kumfunga mdomo kwa upole.

Kuna hasira iliyo ya haki, na hiyo haifai kumezwa. Jina la mjane limekosekana kwenye liste ya msaada, na jina la mtu ambaye hajawahi kukimbia hata kilomita moja limo. Mjane huyo akikasirika, ana haki. Akinyamaza kwa sababu aliambiwa avumilie, jina lake litakosekana tena mwezi ujao, na hasira ataipeleka nyumbani kwa watoto. Akipiga kelele na kumtukana anayeandika majina, atafukuzwa, na watu watasema ni kichaa. Njia inayobaki ni ngumu kuliko zote mbili: kwenda na jirani wawili wanaomjua, kwa kiongozi wa avenui na kamati ya wakimbizi, kusema jina lake, kijiji chake na siku aliyofika, kurudi tena wiki inayofuata, na wiki nyingine. Hasira yake ndiyo inampa miguu ya kurudi. Bila hiyo angekata tamaa mara ya kwanza. Viongozi wanaowaambia watu wenye malalamiko «mutulie kwanza» wangefaa kujiuliza kama wanatafuta amani ao wanatafuta usingizi wao.

Wenyeji nao wana hasira, na inazungumziwa kidogo. Familia ya Goma ilipokea watu sita kwa siku chache, na sasa ni miezi. Choo kimejaa. Makala ya wiki yanaisha siku tatu. Mwenye nyumba anaongeza kodi kwa sababu vichwa vimeongezeka. Msaada ulipokuja, mgeni akapewa unga, mafuta na mablanketi, na mwenyeji anayempa pa kulala hakuandikwa popote. Anatazama mafuta ya mgeni wake kwenye pembe ya nyumba, yeye anapika sombe bila mafuta. Mgeni naye anaogopa kuyagawa, hajui ya pili yatakuja lini. Hakuna aliyefanya kosa, na tayari wamekwisha kuchukiana. Mashirika yanayogawa msaada yanaijua hali hii tangu miaka mingi. Yangeiangalia, sehemu kubwa ya ugomvi wa robine ingekwisha bila mafundisho ya kupumua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wanarudilia methali hiyo siku hizi, tena mbele ya mgeni mwenyewe, kama vile mafumbo. Methali ni nzuri, ila ilitoka mahali penye shamba. Katika parsele ya mita kumi kwa kumi na tano, juu ya jiwe la volkano, mgeni akipewa jembe atalima nini?

Ndiyo maana kilichotokea kwa kiongozi wa avenui, Jumanne ileile, kinastahili kusimuliwa. Mzee yule hakuwapa wamama mafundisho. Kwanza aliwaketisha mbalimbali, kila mmoja kwenye kiti chake, akawaacha karibu nusu saa bila kusema kitu huku akimaliza kazi zake. Watu walidhani anawadharau. Alikuwa anangoja mikono iache kutetemeka. Kisha akampa kila mmoja nafasi ya kusema mpaka mwisho, na mwingine akikata neno, alimnyamazisha kwa kidole tu.

Mama wa Goma alisema ana watoto watano, bwana yake alikuwa mpagazi kwenye uwanja wa ndege, na uwanja umefungwa. Alisema pia kwamba tangu wageni waje, anaamka saa tisa ya usiku kwa maji aliyokuwa akiyapata saa kumi na mbili. Mama wa Sake alisema alikuja mwezi wa pili 2024, vita vilipofika juu ya milima ya Sake, akaishi chini ya shitingi mpaka mwezi wa pili 2025, wakati kambi za pembezoni mwa mji zilipoachwa wazi. Alirudi Sake. Nyumba yake haina mabati tena, haina milango, na katika shamba watu wanaogopa kulima juu ya mabomu yaliyobaki ardhini. Akarudi Goma kwa dada wa bwana yake. Bidoni ile ilikuwa ya dada huyo.

Ndipo mzee akamuuliza mama wa Goma swali moja tu: «Mwaka wa 2021, volkano ilipotoka, mlilala wapi?»

Kila mtu wa Goma anakumbuka. Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Tarehe 27 serikali ikatoa amri kwamba kartie 10 za mji zihame, na malaki ya watu wakatoka siku moja, wengine kuelekea Rwanda, wengine Rutshuru, wengine kwa mashua hadi Minova, na wengi sana kwa mguu hadi Sake, karibu kilomita 25. Sake haikuwa na maji ya kuwatosha. Watu walijaa kanisani, kwenye masomo, kwenye veranda za watu wasiowajua. Walibaki pale mpaka mwanzo wa mwezi wa sita.

Mama wa Goma aliangalia chini. Alisema walilala Sake, kwenye veranda ya mtu, siku tisa. Alipoulizwa maji walipata wapi, alisema mwenye nyumba alikuwa akiwapa bidoni moja kila asubuhi. Hakulia, wala hakumkumbatia mtu, na mama wa Sake naye alikaa kimya bila kumwangalia. Mambo hayaishi kama kwenye filamu. Lakini sauti zilishuka, na mazungumzo yakaingia kwenye kitu kinachoweza kutatuliwa: nani analipa bidoni, na mstari wa maji unapangwaje.

Ujuzi wa mzee yule hauna jina la kifaransa. Alitenganisha mambo mawili ambayo hasira ilikuwa imeyachanganya. Bidoni ni ya hapa, inaweza kulipwa. Vita, banki, uwanja wa ndege na nyumba isiyo na mabati si za hapa, na hakuna mtu kwenye robine anayeweza kuzilipa. Mtu akiweza kujiuliza swali hilo peke yake mbele ya kuinua mkono, hii hasira ni ya nani hasa, mara nyingi ataona kwamba aliyesimama mbele yake anadaiwa kidogo sana, pengine falanga chache. Inabaki sehemu kubwa isiyo na mahali pa kwenda, na hiyo ndiyo inayohitaji watu wengine.

Wamama wengi wa mji huu wamepata mahali pa kuipeleka: MUSO, zile mituweli ndogo ambamo kila mmoja anatoa kidogo kila wiki. Kasha la kijani ni la mikopo, kasha la wekundu ni la matatizo, ugonjwa na kilio. Watu wanafikiri faida yake ni makuta. Lakini ukikaa nje ya mkutano wao utasikia kwamba nusu ya saa za kwanza si hesabu. Mmoja anasimulia alivyotukanwa na mwenye nyumba, wengine wanasema «hata mie», na mwisho wanamcheka mwenye nyumba mpaka machozi. Mtu anarudi nyumbani amepunguza mzigo, na watoto wanakuwa wa kwanza kuuona upunguzaji huo.

Wanaume hawana kitu kama hicho, na hili ni tatizo la kweli. Wana kasiksi na kanyanga. Baba anayeona aibu kusema «nimechoka» mbele ya wenzake hana aibu ya kurudi saa nne ya usiku akiimba matusi. Pombe haipozi hasira. Inaondoa tu mlinzi aliyekuwa mlangoni. Katika vijiji vya Masisi na Rutshuru wazee walikuwa na baraza, mahali pa kukaa jioni na kuongea mambo ya mipaka, ndoa na ng'ombe, na mwanaume aliweza kulalamika pale bila kuitwa mnyonge. Vita vimetawanya watu wa baraza, lakini kukaa pamoja hakulipiwi kodi. Katika kartie chache, wanaume wa kijiji kimoja wameanza kukutana Jumapili baada ya misa, chini ya nyumba ya mmoja wao. Wake zao wanasema wanaona tofauti. Zingekuwa nyingi zaidi.

Na kuna hasira iliyopita kiasi cha baraza na MUSO. Mtu asiyelala wiki nzima, anayeona usiku mambo ya vita kama vile yanatokea tena, anayempiga mtu na asubuhi hakumbuki, huyo hana roho mbaya wala hajalogwa. Ni mgonjwa, na anahitaji kuonekana na muganga. Goma ina kituo cha magonjwa ya akili kinachoitwa Tulizo Letu, cha mabruda wa Charité, na Bukavu iko SOSAME. Watu wanaogopa kupeleka ndugu yao pale kwa sababu ya kusemwa. Kusemwa kunapita. Mtoto aliyevunjwa mkono na baba yake hatasahau.

Kuhusu bidoni, iliamuliwa kwamba kila mmoja atoe nusu ya bei. Mama wa Goma alitoa ya kwake Alhamisi. Mama wa Sake bado, anangoja zamu yake ya kufua nguo kwa mtu fulani. Kijana mmoja wa avenui alileta rangi nyeupe iliyobaki kwenye kazi, na sasa kila bidoni ya robine ile ina namba. Zinapangwa jioni, wamama wanarudi kulala. Mpaka bidoni mpya inunuliwe, mama wa Sake anaazima ya jirani mwingine, namba 14. Namba 15 ni ya yule mama wa Goma. Bado hawajasalimiana.